Barafu Ndani ya Glasi na Kimya cha Dorcas

Alhamisi jioni, mwezi wa nane, Kisangani.

Asubuhi jua lilichoma, mchana mawingu yakaja yakatudanganya na mvua ambayo haikunyesha, na sasa joto limebaki tu humu chumbani. Umeme umekatika. Sisi wa mtaa wa Tshopo tunaishi jirani na bwawa la umeme, tena tunawasha vibatari. Nimeshachoka kulalamika, kwa hiyo nalalamika kidogo tu.

Simu ina chaji ya kutosha kuandika haya. Naandika haraka kabla hasira na furaha hazijapoa, maana vyote viwili ninavyo na sijui kipi kinaongoza.

Leo nimekosea mbele ya watu wengi, na nimerudi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni assistante, mwalimu msaidizi, wa botania chuo kikuu. Kazi yangu ni majani. Katika likizo kubwa hii tumefungua masomo ya mwanzo ya sayansi kwa vijana waliomaliza sekondari juzi juzi na wanaojiuliza waandikishwe kitivo gani. Kila asubuhi ni somo lingine. Siku moja mimea, siku nyingine hesabu, kemia, samaki wa mto. Mtu wa jiolojia alileta mawe yake mazuri ayapitishe mkono kwa mkono, akarudi nyumbani na begi jepesi, na hadi leo anatafuta nani aliondoka nayo. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa somo langu. Nilileta maua makavu ya ngai-ngai, ile rosela, nikayaloweka, maji yakawa mekundu, nikaongeza ndimu, watoto wakapiga makofi, nikajisifu wiki nzima.

Leo ilikuwa zamu ya fizikia. Mwenye fizikia ni Trésor, assistant mwenzangu. Jana malaria ilimwangusha, akaniomba nimshikie. Nikamwambia fizikia na mimi tuliachana zamani bila kinyongo. Akasema ni jambo jepesi tu, ameshaandaa kila kitu, nifuate karatasi yake.

Karatasi yake ilisema: glasi kubwa, barafu, maji mpaka ukingoni, karatasi nyeupe chini ya glasi. Waulize maji yatafanya nini barafu ikiisha.

Basi. Jibu hakuandika. Kwake yeye ilikuwa kitu cha wazi kiasi kwamba hakuona sababu ya kupoteza wino. Na mimi, kwa kiburi changu cha mtu mwenye diploma ukutani, sikumpigia simu kuuliza. Nilitazama picha aliyochora, barafu imechungulia juu ya maji, nikajiambia: sehemu iliyochungulia ikiyeyuka lazima ipate pa kwenda, na pa kwenda hakuna. Itamwagika. Hata mtoto anaona.

Tena leo haikuwa siku ya kawaida. Ilikuwa siku ya wazazi. Waliketi pembeni na nguo zao za misa, na nyuma kabisa alikaa Profesa anayeongoza programu.

Mlangoni, kabla sijaingia, mzee mmoja alinisimamisha. Mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, mikono ya mtu aliyevuta kamba tangu utoto. Alikuwa tonton wa Dorcas, mjomba anayemlea.

Dorcas namjua. Anakaa mstari wa tatu karibu na dirisha. Baba na mama yake wako Yanonge, wanavua, naye anakaa kwa huyu tonton hapa mjini tangu alipoanza sekondari. Ni msichana anayekutazama machoni mpaka wewe ndiye unayeangalia pembeni. Kuzungumza, anazungumza kidogo sana.

Tonton hakuzunguka.

"Madame, mi nilikuya kuona na macho yangu. Tante yake iko Bengamisa, iko na depo ya samaki ya kukauka, anamuomba huyu mutoto amusaidie. Camion inaenda siku ya kwanza ya posho. Mutoto anasema hapana, anataka sayansi. Bon. Leo nitaona kama anajua kitu. Kama anajua, abaki. Kama hapana, apande camion."

Posho kwetu ni wiki, yaani lori linaondoka Jumatatu kumpeleka kwa shangazi yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umesimama mlangoni.

Nikaingia, na hapa lazima nieleze jinsi sisi tunavyofundishwa, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwetu mwalimu hamalizi neno. Analiacha nusu, na darasa zima linalimalizia kwa sauti moja. Ukisema mti unakunywa maji kwa kutumia mizi..., unanyamaza, na watoto sitini wanapiga kelele "ziii!" Ndivyo tulivyosoma tangu shule ya msingi, Kifaransa chetu kimejengwa hivyo, hesabu zetu vilevile. Ukilisikia darasa likiitikia hivyo unajisikia kama mchungaji siku ya Pasaka. Mwanafunzi anayeitikia kwa nguvu anaonekana anajua. Asiyeitikia anaonekana hajui. Hakuna anayechunguza zaidi ya hapo.

Nami naupenda mtindo huo, nikiri. Unanipa moyo.

Nikaweka glasi mezani, karatasi nyeupe chini yake. Nikatia barafu kutoka kwenye thermos, nikamimina maji taratibu mpaka yakafika ukingoni kabisa, tone moja zaidi yangemwagika. Barafu ikachungulia juu. Wazazi wakanyoosha shingo. Nikajisikia vizuri sana.

"Sasa barafu ikiyeyuka yote," nikasema, "maji yatamwa..."

"...gikaaa!"

Ukumbi ulitetemeka. Wazazi waliitikia pia. Profesa kule nyuma, nilimsikia vizuri, aliitikia kwa sauti nzito kuliko wote.

Dorcas mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Nikadhani hakusikia. Nikarudia, nikimwangalia yeye. "Yatamwa..." Wote wakamalizia tena, wakicheka sasa, na yeye kimya, macho kwenye glasi. Nikamwona tonton wake akigeuka kumtazama. Kisha akatikisa kichwa polepole, akamwambia jirani yake, lakini kwa sauti ya watu wa mto ambayo haijui kunong'ona:

"Benzake bote banajibu. Yeye hapana. Sasa unaona?"

Dorcas alisikia, maana masikio yake yalibadilika rangi, lakini hakufungua mdomo. Nilimkasirikia, kusema kweli. Nilijiambia, mtoto, itikia tu, neno moja tu, itakugharimu nini?

Nikaendelea na somo. Nilizungumza juu ya joto, juu ya maji kuwa mvuke, mambo niliyoyakumbuka kwa shida. Barafu ilikuwa inapungua. Kwa joto letu la leo haikuhitaji kusukumwa. Kila mtu alikuwa ananisikiliza kwa sikio moja na kuitazama glasi kwa macho mawili.

Halafu mvulana wa mbele akaruka. "Madame! Karatasi!"

Karatasi ilikuwa imelowa. Duara la maji lilikuwa linapanuka chini ya glasi, hakuna ubishi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Imemwagika! Imemwagika!" Mama mmoja wa pembeni alipiga kigelegele kama vile naolewa. Nami nikainama kidogo, nikapokea makofi. Nilikuwa nimefaulu fizikia bila kusoma fizikia.

Ndipo Dorcas akasimama.

Hakunyoosha kidole. Alisimama tu, na makofi yakafa moja moja.

"Madame, pardon. Maji ya ndani haiyapunguka. Iko palepale kwa mudomo ya glasi. Kama ilimwangika, ilipita wapi?"

"Kaa!" Tonton wake alikuwa amesimama naye. "Dorcas, kaa chini! Unabisha Madame mbele ya bantu?"

Ninyi mnaosoma kutoka mbali labda hamwezi kupima uzito wa hilo. Kwetu mtoto anaweza kutokujua, anaweza kurudia mwaka, anaweza hata kusinzia darasani, atasamehewa. Lakini kusimama na kusema mwalimu hakuona sawasawa, mbele ya wazazi, na mwalimu mwenyewe ndiye anayeheshimiwa siku hiyo? Wanafunzi wenzake walianza kumzomea chini chini. Yeye alibaki amesimama, ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

Niliinamia glasi.

Alikuwa sahihi. Barafu ilikuwa imeisha karibu yote, kipande kidogo tu kinaelea, na maji yamejaa mpaka ukingoni vilevile kama nilivyoyamimina. Upande wa nje glasi ilikuwa inatoka jasho. Matone yaliteremka, moja likifuata lingine, yakaingia kwenye karatasi. Mimi ni mtu wa majani, naujua umande kuliko ninavyowajua binamu zangu. Hayo yalikuwa maji ya hewa, hewa yetu nzito ya Kisangani iliyogusa kioo baridi. Kutoka ndani ya glasi halikuwa limetoka hata tone.

Sasa niseme ukweli juu ya dakika hiyo.

Ukumbi mzima ulikuwa upande wangu. Karatasi ilikuwa imelowa, kila mmoja ameiona. Ningesema tu, "Asante Dorcas, kaa," somo lingeendelea, Profesa angenipa mkono, wazazi wangerudi nyumbani wakisifu. Na niliifikiria njia hiyo. Sikuipitia haraka kama mtakatifu, niliifikiria kwa makini. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema asante.

Lakini alikuwa bado amesimama, ananitazama kwa namna yake ile. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anangoja. Aliuliza swali, na alidhani kwamba mimi, kwa kuwa ni mwalimu, ningependa kujua jibu.

Nikaona aibu, na haikuwa aibu ya kukosea.

"Wote mlikuwa mnaitikia," nikamwambia. "Wewe mbona ulinyamaza?"

"Sikujua, Madame," akasema. "Benzangu balisema itamwangika. Mimi nilikuwa sijaona. Nilikuwa nangoja nione."

Niliinua kichwa nikauambia ukumbi: mimi nilisema maji yatamwagika. Nadhani nimekosea. Haya maji ya kwenye karatasi nadhani yametoka nje, si ndani. Lakini sasa hivi ni maneno yangu tu dhidi ya makofi yenu. Tutajuaje?

Nilinyamaza. Na kwa kuwa sikuwa nimeacha neno nusu, hakuna aliyejua la kumalizia. Kimya kilikuwa kirefu, kibaya. Mtu alikohoa. Nikadhani nimeua siku ya wazazi kabisa.

Dorcas ndiye aliyesema, taratibu, akiwa anafikiri kwa sauti. Kama tungepaka rangi maji ya ndani, akasema, basi yakitoka tutayatambua. Kama yale ya siku yako, Madame. Ya ngai-ngai.

Nilitaka kumbusu.

Maua yalikuwa bado kabatini. Msichana mmoja akakimbia kuyaleta, mwingine akatafuta maji ya moto kwa mama anayeuza chai getini, na barafu ya pili ilikuwa kwenye thermos. Tukaloweka, tukachuja kwa leso yangu, ambayo sasa ni ya waridi na itabaki hivyo. Tukaacha ipoe. Karatasi mpya. Barafu. Nikamimina maji mekundu mpaka ukingoni, na safari hii sikuwa na hakika ya chochote.

Muda wa somo uliisha. Nikatangaza kwamba anayetaka kuondoka aondoke. Hakuna aliyenyanyuka. Wazazi walisogeza viti karibu, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, huyu anasema hivi, yule vile, Profesa akashuka kutoka nyuma akavua miwani yake, akaivaa tena. Mama wa kigelegele alisema kama maji hayamwagiki yeye hataamini tena hata sufuria yake. Sikuwahi kuona ukumbi wetu namna hiyo. Watu walikuwa hawajui, na walikuwa wanafurahia kutokujua kwao.

Tonton hakubishana na mtu. Alikuja mpaka mezani akasimama mbele ya glasi na mikono nyuma.

Barafu ilipungua. Ikawa kama yai, ikawa kama kidole, ikaisha. Wekundu ukapauka kidogo. Ukingo ulibaki umejaa. Jasho liliteremka nje ya glasi, karatasi ikalowa, duara likapanuka kama mara ya kwanza.

Duara jeupe. Maji safi. Wekundu haukuwepo hata chembe.

Tonton alinyoosha kidole akagusa ule unyevu, akakitazama kidole chake kwenye mwanga wa dirisha, upande huu na upande ule. Kisha akamtazama Dorcas. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wameinama wote, wanaangalia.

Nikawaambia kwa nini maji hayakumwagika sijui vizuri, na kesho nitawaletea jibu. Profesa alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya "gikaaa," kwamba yeye pia atakuja kulisikiliza.

Sasa mnataka kujua ya tonton. Mimi pia nilitaka, nikamfuata uani. Dorcas alikuwa amesimama mbali, karibu na ukuta, amekumbatia begi lake. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye mwanzo na mwisho.

Tonton hakunipa nafasi. Uso wake ulikuwa umekunjamana vibaya.

"Madame, huyu mutoto alibishia mwalimu mbele ya bantu bote."

"Ndiyo, papa, lakini..."

"Ngoja. Nyumbani pia ananibisha. Nikisema samaki hii iko nzuri, anafungua mashavu ya samaki anaangalia. Nikisema mvua itanyesha, anatoka inje kuona. Mi nilifikiri ni adabu mbaya. Bibi yangu pia alisema ni adabu mbaya."

Akamtazama Dorcas pale ukutani. Nami nikasubiri hukumu.

"Tante yake wa Bengamisa, unamujua? Humujui. Ule mwanamuke hapendi mutu amuulize kitu. Huyu akifika kule, siku ya kwanza batapigana, siku ya pili atanirudishia yeye na camion ileile." Alipangusa kidole chake kwenye shati, kile kile alichogusia maji. "Donc, kule hapana kufaa. Mutoto ya kubisha vile, mi naona fasi yake ni huku tu. Huku munamuacha anabisha, na munamutafutia ata maji ya rangi."

Hotuba yangu niliiacha hapo hapo.

Akaanza kuondoka, akarudi. Safari hii uso ulikuwa umelainika, akashusha sauti kadiri anavyoweza.

"Mumuangalie, Madame. Baba yake alinipa huyu mutoto mikononi."

Dorcas alitutazama kutoka ukutani. Hakujua bado. Tonton wake alimwendea, wakaondoka pamoja kuelekea barabarani, yeye mbele, msichana nyuma kidogo. Kabla ya geti nilimwona msichana amesimama ghafla, ameziba mdomo kwa mkono. Alikuwa ameambiwa.

Jioni nimempigia Trésor. Nilimkuta na homa na blanketi, nikamsimulia yote, akacheka mpaka akakohoa. Anasema maji yakiganda huvimba, na sehemu ile inayochungulia juu ni ule uvimbe wenyewe. Barafu ikiyeyuka, uvimbe unaisha, maji yake yanatosha pale pale ilipokuwa imezama. Haiongezi wala haipunguzi. Nimemwuliza kwa nini hakuandika jibu. Amesema, "Kwa sababu nilitaka wafikiri." Nimemtukana kidogo, kirafiki, kisha nimemwambia anywe dawa zake.

Wafikiri. Mimi niliwamalizia kabla hawajaanza, nusu neno tu ilitosha.

Naufikiria ule ukumbi unaoitikia. Ninavyoupenda ule muungurumo. Ninavyojisikia mkubwa ndani yake. Na katikati ya sauti zote zile, mtoto mmoja aliyekuwa anafanya kazi niliyolipwa nimfundishe, karibu apandishwe lori kwa sababu hakupiga kelele pamoja nasi.

Sijui kama nitaweza kufundisha kwa namna nyingine. Kile kimya cha leo kilinitisha kuliko makosa yenyewe.

Asubuhi nina ukumbi uleule. Nitauliza swali zima, mpaka mwisho wake, halafu nitakayenyamaza ni mimi.